Kwenu wajukuu zangu mnaokaribia kubaleghe

Assalamu alaykum.

Msimu wa karafuu umeanza, na juzi nimelisikia tena neno lile chini ya mkarafuu: "Kama mwanamme, panda kileleni!" Aliyeambiwa ana miaka 12, mfupi kuliko wenzake wote. Akapanda. Nilimwita ashuke, na alipofika chini magoti yalikuwa yakimcheza.

Mimi niliambiwa hivyo nina miaka 13, hapa hapa Konde, Pemba. Nikashika tawi nene nikidhani litanibeba. Tawi la mkarafuu halipindi, linakatika. Mnaponiona nikitia udhu mnauona mkono wangu wa kushoto usivyonyooka. Nililia, wenzangu wakanicheka, na tangu siku ile sikumwambia mtu kitu kinachoniuma. Mkono uliunga kwa miezi. Ububu ule nilikaa nao mpaka nimeoa.

Basi sikilizeni niliyokosa kuambiwa. Mwili wa mvulana huanza kubadilika baina ya miaka 9 na 14, kila mmoja na wakati wake. Ndiyo maana mkikoga pwani mwengine ana misuli na mwengine bado mtoto. Wote wazima. Chuchu zikivimba na kuuma, hugeuki mwanamke. Huwapata wavulana wengi, na aghalabu huondoka wenyewe. Sauti ikikukatikia chuoni katikati ya aya ya Kurani, endelea kusoma. Ukiamka nguo imerowa manii, koga josho la janaba. Si ugonjwa, wala hukurogwa.

Sigara na bangi nazo huja na neno lile lile: kama mwanamme, vuta. Na mtu mzima anayekununulia chipsi na vocha, kisha akakushika pasipostahiki na kukwambia iwe siri, mkimbie, uje useme. Hata akiwa jamaa yako. Hata akiwa mtu wa kuheshimiwa mtaa mzima. Kosa ni lake, si lako.

Na nyinyi baba zao, nakuombeni: mtoto akija analia, msimwambie mwanamme halii. Mwulizeni kimempata nini, halafu nyamazeni mumsikilize.

Baada ya laasiri mimi nipo barazani kwangu, pale njiani, kila apitaye anatuona. Ukiona haya kuja peke yako, njoo na mwenzako. Kahawa ipo, na kashata zipo.

Babu yenu