Nani analipia bwawa?

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumai nawe na wote hapo hamjambo.

Umeniuliza mbona bwawa kubwa la umeme la Inga, kule Kongo (Kinshasa), halijengwi na maji yapo. Yapo kweli. Mto Kongo unaikata ikweta mara mbili, kwa hiyo mvua ikikatika upande mmoja, upande wa pili inanyesha, na mto hauna kiangazi. Pale Inga unaporomoka karibu meta 100 katika mwendo mfupi tu. Mradi mzima unakadiriwa kutoa megawati 40,000 hivi. Bwawa la Three Gorges la China lina 22,500. Lakini tangu bwawa la Inga 2 lianze kazi mwaka 1982, hakuna bwawa jipya pale.

Tatizo ni mfuko. Benki haitoi hela mpaka ione mnunuzi wa umeme ametia saini, na mnunuzi hatii saini mpaka aone zege linamwagwa. Tena wanunuzi wenyewe, kama migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo, na nchi ya Afrika Kusini, wako mbali mno. Benki ya Dunia ilijitoa 2016 baada ya serikali ya Kongo kuupeleka mradi njia nyingine, ikarudi 2025 na dola milioni 250. Hizo ni za kuandaa mazingira, si za kujengea ukuta.

Ethiopia hawakungoja benki kwa bwawa lao la Mto Nile. Wakopeshaji waliogopa ugomvi na Misri, inayotegemea mto huohuo, basi wananchi wakauziwa hatifungani, yaani wakaikopesha serikali, na wafanyakazi wa serikali wakachangia mishahara yao. (Mchango wa hiari unaokatwa kwenye mshahara, mimi nauita kodi.) Walianza 2011, wakazindua 2025, megawati 5,150. Tanzania nayo ilitoa bajetini shilingi trilioni 6.5 kwa bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na waliolijenga ni kampuni za Misri, nchi ileile iliyolipinga la Ethiopia! Siasa za maji hizo.

Wanaosifu mikopo hunitajia Itaipu, bwawa la Amerika Kusini. Sawa, ila Brazil na Paraguay zilisaini mkataba 1973, mitambo ikaanza kuzalisha 1984, na deni likaisha 2023. Aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa na miaka 50. Kwa Kongo, mimi ningeanza na kipande kidogo cha Inga 3, bwawa linalofuata pale, kinachoweza kulipika, hayo 40,000 yasubiri.

Wewe unaonaje? Niandikie, na usisahau ile ripoti ya njia za umeme uliyoniahidi.

Wako,
Baraka