Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: SAFU YA KUNDI LA KIRUSI KWENYE REJESTA YA UCHUNGUZI WA MLANGO WA KIZAZI

Tunaomba safu moja tu iongezwe, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa. Rula na kalamu vinatosha.

Mashine ya GeneXpert, ile ile ya kifua kikuu, inapopima HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hugawa aina 14 za kirusi hicho katika makundi matano: (1) 16 peke yake; (2) 18 na 45; (3) 31, 33, 35, 52 na 58; (4) 51 na 59; halafu (5) 39, 56, 66 na 68. Yote yanaonekana kwenye skrini. Mtu wa maabara akiandika "chanya" tu, mama mwenye 16 anapanga foleni moja na mwenye 66, ilhali hatari zao ni mbingu na ardhi.

Kundi la tatu ndilo linalotugusa huku. Duniani, 16 na 18 husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Zinazofuata hutegemea eneo: Asia ya Mashariki 52 na 58 zina nafasi kubwa, Afrika kusini mwa Sahara ni 45 na 35. Hiyo 35, ambayo kwingine ni nadra, haimo hata kwenye chanjo ya HPV inayokinga aina tisa. Mashine haiitenganishi na wenzake wanne, ni kweli, lakini kulijua kundi ni afadhali kuliko kutojua lolote. Wasichana waliochanjwa dhidi ya HPV wakiwa na miaka 14 mwaka 2018 watafikisha 30 mwaka 2034. Wakija kupimwa, tutalinganisha na nini?

Safu ijazwe namba 1 hadi 5. Mwenye makundi mawili aandikiwe yote mawili. Jibu batili liandikwe B, kamwe lisigeuzwe "hasi": maana yake mara nyingi ni kwamba seli hazikutosha, na mama arudiwe kipimo. Batili nyingi zinazuilika. Sampuli ichukuliwe kabla ya kupaka siki ya kukagua mlango wa kizazi kwa macho, kichupa kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, kisha mililita 1 iingie kwenye katriji, kile kikasha kinachowekwa kwenye mashine, bila mapovu.

Tunapendekeza tuanze na rejesta za mwezi ujao, hata kabla ya kuchapishwa mpya.

Wataalamu wa maabara na wauguzi wa uchunguzi,
Dodoma