Risala ya wanaklabu kwa Mgeni Rasmi: njia ya kiti mwendo
Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kuja mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi.

Klabu yetu ya haki za watu wenye ulemavu ilianza na tepu moja ya kupimia. Leo, kwa fahari kubwa, tunayo na pimamaji. Kwa vifaa hivyo tumekagua vivuko na vituo hapa Dar es Salaam. Ndani ya kituo cha mwendokasi sakafu inalingana na ya basi; kazi ni kukifikia, maana miteremko ya vivuko imegeuzwa vijiwe vya bodaboda. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo. Hayo ni ya mjini. Tulilokuitia liko nyuma ya turubai hili.

Baraza la madarasa lina kimo cha sentimita 60. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi njia ya mteremko, tukapiga makofi. Ikajengwa, ya mita 2. Kipimo kinachofaa ni kimo 1 kwa urefu 12, yaani mita 7.2. Kwa mwinuko ule, kiti mwendo kikipanda, magurudumu ya mbele hunyanyuka na aliyekaa huanguka chali. Saruji ililainishwa kwa mwiko ikang'aa kwa ajili ya picha za uzinduzi. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Chini yake kuna mfereji ulio wazi, unaonasa magurudumu madogo. Utepe, hata hivyo, ulikatwa.

Kwa heshima zote, tunaomba ivunjwe. Mpya iwe na upana wa mita 1.2, ukingo wa sentimita 10 kila upande, mabomba ya kushikia kwenye kimo cha sentimita 90, na juu pawe na sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5, mtu afungue mlango bila kurudi nyuma. Kifusi kishindiliwe kila tabaka la sentimita 15, la sivyo zege litapasuka. Juu lipigwe ufagio lingali bichi ili liwe na mikwaruzo, lisilainishwe. Nondo za kufunika mfereji zikingame na njia. Zikilala sambamba nayo, gurudumu huzama katikati.

Kifusi na nguvukazi tunavyo. Tunakuomba saruji, kokoto, tofali, nondo, mabomba na fundi anayekubali kupimiwa kazi. Tunaomba pia utaje tarehe leo, kwenye kipaza sauti hiki. Kibao chenye jina lako tutakigharamia wenyewe, na kitabandikwa siku mtu wa kiti mwendo atakapopanda bila kusukumwa.

Tunaomba kuwasilisha.