Ololokwe tunaipita tu?

Mhariri,

Kila wiki mnatuandikia mbuga na fukwe, Ololokwe, ule mlima wa jiwe kule Samburu, je? Ukitoka Isiolo kwenda Marsabit ni lami mpaka mwisho, na huo ukuta wa jiwe unauona kabisa ukiwa ndani ya gari. Mi na wenzangu tulienda kujaribu kukwea kidogo tu pale chini, tukaanza alfajiri na tochi, maana kufika saa nne jiwe linachoma vidole kama kikaango na chaki ya kukaushia mikono inageuka uji kwa jasho. Maji lita tano kila mtu, yakaisha!

Ila ongeeni na wazee Wasamburu kwanza, mlima ni mtakatifu kwao, na tumbusi wanataga huko juu, msiwasumbue. Kivuli hakuna pale tulipokwea jamani.

Msomaji, Nanyuki