Alama ya puli mpya isiaminiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi mafundi wenzangu na wamiliki wa magari ya zamani, hasa wenye Volkswagen Beetle zinazoendelea kutembea katika barabara zetu, waache kuseti taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, kwa kufuata alama ya puli mpya ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kabla ya kuhakikisha kwamba alama hiyo iko mahali pake. Puli za asili zimekuwa adimu, na nyingi zinazouzwa sasa ni za aluminiamu, zenye namba za digrii zilizochongwa kuzunguka ukingo, kiasi kwamba fundi akiziona huamini kuwa kazi imekwisha kurahisishwa. Nimewahi kushika puli ya aina hiyo ambayo sifuri yake ilikaa milimita 6 mbali na pale pistoni ya silinda ya kwanza inapofika juu kabisa. Kwa puli yenye kipenyo cha milimita 170, digrii moja huchukua takriban milimita 1.5 za ukingo, kwa hiyo kosa lile lilikuwa la digrii 4.

Digrii 4 si jambo dogo. Injini za 1300 na 1500 za katikati ya miaka ya 1960 huwekewa cheche digrii 7.5 tu kabla ya pistoni kufika juu. Cheche ikiwahi kupita kiasi, mchanganyiko wa petroli na hewa huwaka wakati pistoni ingali inapanda, injini hugonga inapobeba mzigo, na joto linalozalishwa huishinda feni. Kwa kuwa injini hii hupozwa kwa hewa na gari halikutengenezwa na geji ya joto, dereva hapati onyo lolote la joto mpaka pistoni itoboke. Cheche ikichelewa, gari huishiwa nguvu kwenye mlima, ekzosi huchemka, na lawama zote huangushiwa kabureta isiyo na kosa.

Kuupata ukweli hakuhitaji mashine ya gharama. Toa plagi zote nne, kisha chukua plagi kuukuu, ondoa kauri yake na uweke mahali pake chuma cha duara chenye ncha laini, uifunge kwenye tundu la silinda ya kwanza. Zungusha puli kwa mkono, taratibu, wala usiguse stata kabisa, mpaka pistoni iguse kile chuma. Hapo weka alama kwenye puli mkabala na mstari ambapo nusu mbili za bloku zinakutana. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, uweke alama ya pili. Kilele halisi kiko katikati kabisa ya alama hizo mbili, na ukishakipata, pima kwa utepe kandokando ya ukingo: kwa puli ya milimita 170, digrii 7.5 ni milimita 11 hivi, na digrii 30, ya kupimia mwendo wa juu, ni milimita 44 na nusu. Chora mistari yako kwa msumari, uipake rangi nyeupe, na namba za kiwandani uzisahau.

Ufungaji wenyewe nao unataka adabu. Puli hutolewa kwa pula (kifaa cha kuivuta itoke) na hurudishwa kwa kukazwa na boliti yake. Kuigonga kwa nyundo ni kuipeleka krenki mbele na kuumiza beringi inayoizuia. Kagua kipande kidogo cha chuma kinachoifunga puli na shafti isizunguke peke yake, kwani kikilegea, hata alama uliyoipima vizuri itahama. Tazama pia shingo ya puli: injini hizi hazikuwekewa sili ya oili upande huo, bali mfereji uliochongwa kama skrubu kwenye shingo hiyo ndio unaoirudisha oili ndani. Puli iliyopinda kidogo tu huisugua bloku pale, na baada ya hapo uvujaji wa oili haukomi.

Baada ya hapo ndipo taimingi ifuate, lakini si kabla ya kuseti mwanya wa pointi (swichi ndogo ndani ya distributa, kigawa cheche, ambayo ikiachana cheche hutoka) uwe milimita 0.4, kwa sababu mwanya ukibadilika, taimingi nayo hubadilika. Rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distributa, ielekee mkato ulio kwenye mdomo wa distributa, taa ndogo ya majaribio iungwe kati ya waya wa pointi kwenye koili na bodi, na distributa izungushwe mpaka taa iwake pale pointi zinapoachana. Pima kwa silinda ya kwanza tu, kwa maana distributa nyingi za asili ziliichelewesha silinda ya tatu kwa makusudi, kutokana na joto lililosababishwa na kipoza oili kilichoiziba hewa yake. Wenye distributa ya Bosch 009 wapime kwa taa ya taimingi injini ikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, wasizidishe digrii 32.

Najua wapo mafundi hodari wanaoseti kwa sikio, na wengine ni wakubwa zangu katika kazi hii. Kwa heshima zote nasema sikio husikia mwendo wa chini, ilhali madhara hutokea mwendo wa juu, wakati vyuma vya ndani ya distributa vimekwisha kuisogeza cheche mbele. Injini inayosikika tamu gari likiwa limesimama gereji yaweza kuwa ndiyo inayojiua ikipanda mlima na abiria wanne.

Nawaomba wauza spea wamruhusu mteja kuilinganisha puli mpya na ile ya zamani dukani kabla ya kulipa, na walimu wa vyuo vya ufundi wawafundishe vijana kutafuta kilele cha pistoni kwa chuma na utepe, kwani somo hilo linamalizika asubuhi moja na linafaa kwa Beetle, Peugeot 404 na Land Rover vilevile.

Wako katika ufundi,
Fundi makanika, Arusha