Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula na Gari la Klabu ya Sayansi

Ndugu Wazazi na Walezi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa hii saa 4 asubuhi. Ripoti watakuja nazo wanafunzi wenyewe. Naomba mzisome mkiwa na mtoto, asiachwe nje ya mazungumzo.

Sasa lile la Siku ya Wazazi. Mlioketi mbele mnakumbuka: kigari cha umeme cha Klabu ya Sayansi, kinachojiendesha, kilikata kona mbili vizuri, kisha kikaacha njia, kikaangusha chupa tatu za kuonyesha njia na kuja miguuni mwenu. Msichana wa Kidato cha Tatu akabonyeza swichi ya dharura aliyoishika, kikasimama papo hapo. Mzazi mmoja aliniuliza kama muda huo usingefaa zaidi kwa masomo. Swali lake ni la haki, namjibu hapa.

Vijana hawa wanafuata mfano wa Formula Student, mashindano ya wanafunzi wa vyuo vikuu ya kuunda magari ya mbio. Mwaka 2017, kule Hockenheim, Ujerumani, yalianzisha kundi la magari yasiyo na dereva. Njia huwekwa koni za buluu kushoto na za njano kulia. Gari huzitambua lenyewe kwa mizunguko 10, na kila koni inayoangushwa huongeza sekunde 2. Gari lisiloweza kusimamishwa kwa mbali haliruhusiwi kabisa kuingia njiani. Sisi koni hatuna, kwa hiyo watoto wamejaza mchanga kwenye chupa za maji na kuzipaka rangi. Ile swichi hawakuiacha.

Jumatatu yake niliwakuta maabara, daftari limefunguliwa: "Saa 9 alasiri. Jua usoni mwa kamera. Njano imeonekana nyeupe." Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Wiki mbili walipiga picha za chupa zile zile asubuhi, adhuhuri na jioni, wakaifundisha programu upya. Jumanne iliyopita, saa 9 ile ile, kigari kilimaliza mizunguko 10 bila kugusa chupa. Nilisimama juani nikihesabu mwenyewe, na sijapata kufurahi hivyo muhula huu wote. Ndugu mzazi, hayo ndiyo masomo.

Betri za lithiamu zikichajiwa vibaya hushika moto, hivyo nimezifungia kabatini. Ukimkuta mwanao nayo nyumbani, nipigie siku hiyo hiyo.

Likizoni klabu itakutana Jumamosi mbili za kwanza, saa 3 hadi saa 6. Wasichana ndio hukosa mara nyingi, kwa sababu ya kazi za nyumbani. Nawaomba kwa moyo wote: Jumamosi hizo mbili, vyombo na maji vishikwe na kaka zao.

Wa bweni warudi Jumapili ya kufungua shule kabla ya saa 11 jioni, na ndoo, fagio na rimu moja ya karatasi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkuu wa Shule