Barua ya wazi kwa vijana mnaosomea roboti za kumsaidia binadamu

Wanangu,

Nimetengeneza miguu ya bandia kwa miaka 34. Kazi nilijifunzia Moshi, chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, pale hospitali ya KCMC. Siku hizi nasikia wenzenu wanapata nafasi za uzamili na uzamivu huko Marekani, Ujerumani na Japani, kwenye masomo yanayowaketisha pamoja mhandisi, mwanabiolojia na mtu wa tiba, waunde mashine zinazoiga viumbe na kumsaidia asiyeweza kutembea au kushika. Nimefurahi kwelikweli, ndiyo maana nawaandikia.

Mjusi kafiri mnamjua, yule wa darini anayevizia wadudu kando ya taa. Mwaka 2000 kundi la wanabiolojia kina Kellar Autumn na Robert Full lilipima nguvu ya unywele mmoja tu wa wayo wa ndugu yake mkubwa wa Asia, aitwaye tokay. Wayo mmoja unazo nywele hizo karibu nusu milioni. Wanabiolojia walikuwa na mjusi, lakini mizani ya kupimia kitu kidogo hivyo ilihitaji wahandisi, Ronald Fearing na Thomas Kenny wakiwamo. Wakaona kwamba unywele ukigandamizwa kidogo na kuvutwa, unanata sana. Pembe yake na ukuta ikizidi kama digrii 30, unabanduka wenyewe. Mimi hapo pa kubanduka ndipo paliponigusa. Kushika tu hakumfikishi mjusi popote, lazima pia aachie, tena haraka. Peke yake, mwanabiolojia asingelipima hilo, na mhandisi asingejua hata pa kulitafutia.

Ila mjusi ukishampima humdai kitu, wala yeye hakudai. Mtu anakudai.

Nilimtengenezea mguu mkulima mmoja wa mpunga, kule chini ya Moshi. Kigutu chake kilikuwa kimepona vizuri, soketi, yaani kikombe cha mguu kinachoingia kigutu, ikakaa sawasawa, akatembea kati ya vyuma vya mazoezi bila kuchechemea. Nilijisifu moyoni. Baada ya miezi mitatu akarudi na magongo yake. Nikamuuliza, "Mguu uko wapi, mzee?" Akanijibu kwa upole, "Ule nauvaa Jumapili, fundi." Kwenye jaruba ulizama topeni mpaka kwenye kifundo, akiuvuta soketi inabaki nyuma. Unanasa, hauachii! Na mimi sikuwahi kumuuliza anafanya kazi wapi. Nilipima kigutu chake kwa milimita, maisha yake sikuyapima. Tulimtengenezea mwingine wa kulimia, gongo fupi lenye kitako kipana, hauna sura ya mguu hata kidogo. Huo ndio aliouchakaza.

Kule Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari wa mifupa P. K. Sethi na fundi Ram Chandra Sharma, ambaye shule hakusoma sana, waliunda wayo wa mpira kwa watu wanaochuchumaa, wanaokaa chini na kutembea peku shambani. Daktari alijua mifupa, fundi alijua mpira na mikono yake. Naomba msimdharau Sharma wenu. Huenda ni fundi wa karakana, au dada wa fiziotherapia anayejua mgonjwa gani anaficha maumivu.

Kwa hiyo mkichagua msimamizi, mwulizeni kama atawaachia muda wa kukaa kliniki, siyo kutembelea siku moja na kupiga picha. Fueni soksi za kigutu. Kabla ya kuchora mota, ulizeni betri itachajiwa wapi, jasho litapita wapi, na mvaaji ataivuaje peke yake gizani akitaka kwenda chooni. Mwenzako wa biolojia akitumia neno usilolielewa, msimamishe hapo hapo. Aibu ya mwaka wa kwanza ni nafuu kuliko ya siku ya kumvalisha mtu.

Likizo mkija nyumbani, njooni Moshi na viatu vya tope. Nitawapeleka kwa yule mzee. Bado analima, na mguu wake wa Jumapili atawaonyesha. Ameutundika nyuma ya mlango.